Kimathi na Magere nao wana uwezo wao

Mwandishi, katika makala yako umetupa mashujaa wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa dadu na masimulizi uliotoka Marekani mwaka 1974: mtawa anayekimbia juu ya maji, mlinzi wa msitu anayejigeuza dubu, na yule anayeporomoka kutoka mawinguni kisha anainuka. Huyo wa mwisho wala si muujiza. Ni kanuni tu: maumivu ya kuanguka yana kikomo cha dadu 20 za nyuso sita, na mhusika aliyekomaa huyastahimili.

Sisi wa Nyeri, Kenya, hatushtuki. Enzi za Mau Mau, vita vya kudai uhuru, ilisemekana kiongozi wa wapiganaji, Dedan Kimathi, hugeuka ndege, mti, hata eropleni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwapa watoto wa shule masimulizi hayo katika riwaya yake Weep Not, Child (1964). Kimathi wa kweli alipigwa risasi na kukamatwa huku kwetu tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amevalia ngozi ya chui. Hakugeuka kitu.

Lakini anayenipendeza zaidi ni Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Wajaluo. Mwili jiwe, mikuki inadunda, ila ukikichoma kivuli chake umemmaliza. Siri hiyo aliijua mkewe, binti wa maadui! Hao wa kwenye makala yako wana nguvu tupu. Huyu ana tundu, ndiyo maana ana hadithi.

Vijana mnaocheza michezo hii, mwandikieni Magere kanuni zake. Na tafadhali, msimwondolee kivuli.