Wazee wa Vita vya Kagera Waulizwe Sasa

Kila tarehe 25 Julai viongozi wetu huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, na tarumbeta hulia. Ni heshima njema, nayo idumu. Lakini mashujaa wa Vita vya Kagera waliozikwa Kaboya hawana tena la kutuambia. Wenzao walio hai wanalo, nasi hatuwaulizi. Wapo Musoma, wapo Songea, wapo Tabora. Wanalima, wanachunga, wanasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na vijana wanaowapita njiani kwa shikamoo ya haraka hawajui kwamba mzee huyu alikwenda vitani kwa miguu hadi Kampala.

Tuhesabu pamoja, ndugu wasomaji. Majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Mgambo aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia sabini; sajini aliyekuwa na miaka 35 amevuka themanini, kama Mungu bado amemweka. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20, alifariki Oktoba 2024. Yeye alikuwa mkuu, na habari zake ziliandikwa. Dereva aliyechukuliwa na lori lake kupeleka risasi mpakani, nani ameandika habari zake? Na yule mpishi wa kombania, na yule muuguzi?

Tukisema kazi ya kuwauliza haiwezekani, tutakuwa tumewasahau waliotutangulia. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitawanyika vijijini kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji. Vita vile vilianza 1905. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita. Hadi hapo sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa Wajerumani, ambao machoni pao mpiganaji wetu alikuwa mwasi tu. Wazee wa Umatumbi wakaeleza wenyewe jinsi walivyolazimishwa kulima pamba, jinsi habari ya mganga Kinjikitile ilivyowafikia, na kwa nini waliamini. Vijana wale wangechelewa miaka kumi, wengi wa mashahidi wao wangekuwa kaburini. Sisi leo bado tuna nafasi kubwa kuliko waliyokuwa nayo wao, na nyumba nyingi zina simu inayonasa sauti.

Njia ya jeshi letu inajulikana: Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara Februari, Lukaya Machi walikokutana na Walibya waliokuwa upande wa Amin, Kampala tarehe 11 Aprili. Ramani inaeleza hayo vizuri. Haielezi mtu alikula nini siku gari la chakula lilipokwama kwenye tope, wala alilala vipi ndani ya handaki lililojaa maji. Haielezi Waganda walimwambia nini alipoingia kijijini kwao, wala alirudi nyumbani akakuta nini. Na mama wa Kyaka au Minziro aliyekimbia usiku na watoto, akarudi na kukuta ng'ombe hawapo na nyumba imechomwa, huyo hakuvaa gwanda, lakini vita vilimpata kabla ya askari yeyote wa kutoka Dodoma. Naye aulizwe.

Wako watakaosema kumbukumbu za wazee hukosea. Kweli hukosea, na karatasi za ofisini hukosea pia. Basi waulizwe wawili wa kikosi kimoja, kila mmoja peke yake, maneno yao yalinganishwe. Wengine watahofia siri za jeshi. Mzee anajua alichoapa, usimchimbe. Jambo linalonizuia kidogo ni maumivu. Kuna wazee ambao hawajamwambia hata mke wao waliyoyaona. Mzee wa namna hiyo usimwendee na kifaa mkononi siku ya kwanza. Kaa naye, msikilize habari za mihogo yake. Akianza kisha akanyamaza, zima, mshukuru, uondoke. Hatuna haki ya kumtonesha kidonda ili sisi tupate historia.

Walimu wa historia, kazi hii inawafaa wanafunzi wenu wa kidato cha tatu. Mwanafunzi, omba ruhusa kwanza. Taja mwanzoni jina la mzee, mahali na tarehe. Zima redio. Uliza mambo ya utotoni kabla ya vita, kisha mwache aende kwa mwendo wake, kwa Kikurya au Kihaya kama ndiyo lugha anayoota nayo. Akikosea mwaka, usimsahihishe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine shuleni, na Nyaraka za Taifa zifungue mlango wa kuzipokea zote, maana simu huibwa na kuharibika.

Na ukifika ukaambiwa mzee alizikwa mwaka jana, usigeuke. Muulize mjane wake. Ndiye aliyelima peke yake msimu mzima wa 1979, akitega sikio Redio Tanzania kila jioni asijue kama ana mume. Anza na habari zake mwenyewe, kabla hujamuuliza za marehemu.