Risasi Katika Damu ya Watoto wa Dandora

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika afya ya umma aingiapo mitaa ya Eastlands kukusanya data, aghalabu hubeba hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa harakaharaka. Humwuliza mama wa Kayole iwapo mtoto alipata homa, naye akikusudia joto la mwili; mama, kama wengi jijini Nairobi, huelewa mafua. Jibu huandikwa, huhesabiwa, kisha kosa hilo huingia tasnifuni likiitwa asilimia.

Uzito wa jambo hili nauona zaidi Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa utafiti kuhusu jaa la taka la huko. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Mzazi aambiweje? Mtaani, risasi ni ile itokayo kwenye bunduki! Asipoelezwa kwamba ni madini, na kwamba huenea kwa moshi na vumbi la taka, atabaki na hofu tu.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wako wanaodai kwamba istilahi hazitoshi, ilhali Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Naomba vyuo vikuu vyetu vidai ukurasa mmoja tu: mtafiti aliyemtoa mtoto damu amwandikie mzazi, kwa Kiswahili, alichokiona ndani yake.