Dharura Imekwisha, Je, Jukumu Nalo Limekwisha?



Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena. Wengi hapa Uganda hata hawakuisikia habari hiyo. Kwetu sisi mambo yalikuwa yamesharudi mahali pake tangu Januari 2022, shule zilipofunguliwa baada ya karibu miaka miwili, na barakoa zilikuwa zimeshatupwa. Lakini mimi nina swali: dharura ikifutwa kwenye karatasi, jukumu la serikali nalo linafutwa?

Naeleza kwa nini nauliza. Julai 2021, wakati wa wimbi la pili, baba yangu mdogo alishindwa kupumua usiku. Hospitali ya kwanza tuliyomkimbiza haikuwa na kitanda chenye oksijeni. Tukampeleka ya binafsi, huko tukaambiwa tuweke pesa kwanza ndipo aguswe. Misikiti ilikuwa imefungwa, hivyo mchango ukapitia kwenye simu, huyu elfu ishirini, yule hamsini, binamu aliyeko Oman akatuma zaidi. Siku ya nne baba mdogo akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maiti haikutolewa mpaka deni lilipwe. Tulizika kesho yake jioni, na kila Muislamu anajua jinsi inavyouma maiti kucheleweshwa kwa ajili ya risiti.

Sisemi serikali ingeweza kuzuia kila kifo. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Nasema kwamba oksijeni haikuwa kitu cha Korona peke yake. Mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati anaihitaji, mwenye nimonia anaihitaji, mama anayepasuliwa anaihitaji. Kwa hiyo wale wanaosema "tuna malaria na uzazi, tuache habari za Korona" wanajijibu wenyewe. Mtambo uliofungwa kwa ajili ya maradhi moja unatibu maradhi kumi, ila lazima awepo fundi, umeme na vipuri mwaka wa tatu na wa tano, wakati hakuna kamera wala mgeni wa kukata utepe.

Tazameni Ebola. Mlipuko wa Mubende na Kassanda ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022, ukatangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023. Waliothibitika kuugua walikuwa 142 na waliofariki kati yao 55, wakiwemo wahudumu wa afya 7. Utaratibu ni kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kujificha mwilini. Hesabu ikitimia, watu wanapongezana na magari yanaondoka.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Januari 2025, ukatangazwa mwingine, safari hii Kampala kwenyewe, na wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Mulago aliyefariki. Hapa lazima tuwe wakweli: siku nne tu baada ya tangazo, majaribio ya chanjo kwa waliokaribiana na wagonjwa yalianza, na mlipuko ukaisha tarehe 26 Aprili. Haraka ile haikushuka kutoka mbinguni. Wapo watu waliobaki kazini kati ya dharura moja na nyingine, maabara zao zikiwa wazi. La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hulipwa na wafadhili, na Januari hiyo hiyo Marekani ilisimamisha misaada yake. Aprili 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Uganda bado iko chini sana ya hapo.

Katika historia yetu, tauni ya Amwas ya mwaka 18 Hijria iliua maelfu huko Sham, akiwemo Abu Ubayda na Muadh ibn Jabal. Mara nyingi tunasimulia jinsi Sayyidna Umar alivyogeuka njiani asiingie penye tauni, na tunaishia hapo. Wanahistoria wanasimulia pia kwamba tauni ilipokwisha alisafiri mwenyewe hadi Sham kugawa mirathi ya waliokufa na kupanga riziki za waliobaki. Ile safari ya pili ndiyo ninayoizungumzia.

Bajeti yetu husomwa Juni. Kabla ya hapo tumuulize mbunge oksijeni ya wilaya inatoka wapi, na wahudumu walioajiriwa kwa mikataba wakati wa Korona wako wapi. Vilevile kila kituo cha afya cha serikali kinatakiwa kuwa na kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Mimi nilikwenda cha kwetu wiki iliyopita. Pipa la kunawia mikono pale mlangoni limekauka, sasa linawekewa mafagio. Nikaomba majina ya wanakamati. Muuguzi akanitazama kama niliyeomba funguo za ghala, kisha akaniandikia majina matatu. Wawili kati yao tunasali nao kila Ijumaa.