Nani Atamwambia Daktari "Ngoja Kwanza"?

Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), vijana wawili walibadilishwa kwenye upasuaji. Wa goti akapasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa mguu, na baadaye akafariki. Majina yao ya kwanza yalifanana. Nchi nzima ikauliza, "Daktari gani huyu?" Mimi nauliza jingine: chumba cha upasuaji hakina mtu mmoja. Mdogo akiona kasoro, anathubutu kusema?

Likizo iliyopita, nyumbani Nyakitonto, nilimuuliza mama mdogo, ambaye ni muuguzi. Akacheka. "Mwanangu, ukimsahihisha mkubwa mbele ya mgonjwa, unaambiwa una kiburi. Ukikiri kosa lako, unaandikiwa barua. Sasa useme ili iweje?" Mama mdogo si mzembe. Anaogopa tu.

Mtasema shida ni uchache wa wahudumu na vifaa. Kweli, ipo. Lakini miezi hiyohiyo ya mkasa wa MOI, Hospitali ya St. Francis, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizokuwa zikijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ni karatasi moja. Kabla ya kuchana ngozi, kila aliyemo anataja jina na kazi yake, kisha wanathibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Matokeo yalitoka 2009: kwa hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Muuguzi alipewa ruhusa ya kufungua mdomo.

Kwa hiyo hospitali zetu zitenganishe kutoa taarifa ya kosa na kuadhibiwa. Anayedhuru kwa makusudi awajibishwe, sawa. Ila anayesema "nimekosea, tuzibe hapa" asikomolewe, maana kosa lililofichwa leo litamkuta mgonjwa mwingine kesho.

Na sisi wa elimu tusijitoe. Yule muuguzi anayenyamaza alipita mikononi mwa walimu. Darasani alijifunza kwamba jibu baya ni fimbo, na kumsahihisha mwalimu ni utovu wa nidhamu. Muhula ujao tunaenda mazoezi ya kufundisha. Siku mtoto atakaponyoosha kidole na kusema, "Mwalimu, hapo ubaoni umekosea," tumshukuru, halafu tufute. Huenda ndiye atakayesimama pembeni ya kitanda chako siku unapasuliwa.