Vinoo vya Kale Viachwe Vilipo

Kila mkulima anajua kazi ya kinoo. Ni wachache, hata hivyo, wanaofikiri kwamba kinoo chaweza kuwa hati ya historia.

Huko Ufaransa, hasa katika bonde la mto Seine, yako mawe makubwa ya mchanga yenye mifuo mirefu na mabonde laini mfano wa sahani. Ni vinoo vya wakulima wa Zama Mpya za Mawe, walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Fundi alichonga kwanza shoka la gumegume kwa kuligonga. Kisha alilisugua juu ya kinoo kwa maji na mchanga, saa nyingi sana. Ubapa ulilainishwa katika bonde, kingo katika mfuo. Taabu hiyo ilikuwa na faida: uso uliosuguliwa hauna zile kasoro ndogo ambamo ufa huanzia, hivyo shoka halikumeguka upesi lilipogonga mti. Kwa mashoka hayo misitu ilifyekwa na mashamba yakapatikana.

Wako wasemao kwamba mawe haya yahamishiwe katika majumba ya makumbusho, yasije yakavunjwa na matrekta au kugeuzwa mapambo ya bustani. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo hatari iko mlangoni. Lakini kuifanya kuwa kanuni ni kosa. Shoka lilisafiri mkononi mwa mtu, pengine mamia ya kilomita. Kinoo kikubwa hakikusafiri. Ndicho kitujulishacho fundi alifanyia kazi wapi, karibu na maji gani na mawe gani. Udongo unaokizunguka nao waweza kuficha vipande vilivyoanguka kazini. Kuking'oa ni kuchana ukurasa na kubaki na picha yake tu. Huko Dorset, Uingereza, kinoo cha namna hii kiligunduliwa vichaka vilipokuwa vikifyekwa. Kiliachwa pale pale na kuwekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria haina macho; macho ni ya mwalimu na mwanafunzi wanaopita shambani. Wakiona jiwe lenye mfuo, wasiharakishe kulipa umri, kwani hata panga la jana huacha mfuo. Mazingira ya jiwe ndiyo yatakayotoa ushahidi, nayo hupotea mara jiwe linapohamishwa. Basi wapime, wachore, waandike mahali lilipo, kisha watoe habari kwa wahusika. Wasilioshe, wasilipake chokaa, wala wasijaribu kunolea kitu: msuguo mmoja mpya waweza kufuta alama zilizodumu maelfu ya miaka.

Shule haihitaji maabara ya gharama kwa somo hili. Yahitaji kamba ya kupimia, daftari, na uvumilivu wa kuliacha jiwe mahali lilipo.