Barua ya mwalimu si kashe ya kuuzwa

GOMA – Kila mara maandikisho ya vyuo vikuu yanapofunguliwa, kuna vijana wanaorudi kwenye fakulte ya udaktari kwa mara ya pili ao ya tatu. Walikosa nafasi walipotoka sekondari, wakasoma uuguzi, biolojia ao afya ya umma, wakamaliza, na sasa wanaomba tena. Wanapofika ofisini wanaambiwa: barua yako ya rekomandasio imezeeka, lete mpya yenye kashe ya shule.

Shule gani? Aliyesoma Masisi ao Rutshuru anatumwa kwa prefe ambaye naye alikimbia vita. Mwaka 2025 M23 iliingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Mwezi huo wa pili, kambi za Bulengo na Lushagala zikabomolewa, watu wakatawanyika na mizigo kichwani. Pengine prefe yuko Uganda, mwalimu wa kemia yuko Beni, na kashe ilibaki ndani ya ofisi isiyo na mlango. Kumdai mtoto wa namna hiyo kashe ni kumfukuza kwa adabu.

Wanaotetea desturi hii wanasema kashe inazuia udanganyifu. Uongo. Kashe inachongwa mjini kwa pesa kidogo, na kila mtu anajua. Mwenye uwezo analeta barua ya mkubwa fulani ambaye hajawahi kumuona akisoma hata saa moja, na inapokelewa. Mtoto wa mkimbizi ana barua ya kweli, mwalimu wake aliiandika mwaka 2021, amebaki na picha yake kwenye simu, na inakataliwa. Hapo aliyezuiliwa ni maskini, mwongo amepita.

Barua ya rekomandasio ni ushuhuda. Mwalimu anasema: huyu nilimfundisha, akili yake ni hii, tabia yake ni hii. Ushuhuda wa kweli hauozi kwa sababu shahidi amehama. Kinachokosekana ndani yake ni miaka iliyofuata, na miaka hiyo ina mashahidi wake: profesa aliyeongoza kazi yake ya mwisho, ao titulere wa kituo cha afya alikofanya staji, aliyemuona akikesha na wagonjwa. Barua hizo mbili, pamoja na ile ya zamani, zinaeleza mtu kuliko kashe kumi.

Kurudi kuomba si aibu wala alama ya ujinga. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, alipita kwanza miaka miwili kwenye masomo ya uhandisi Kinshasa kabla ya kuanza udaktari Burundi mwaka 1976.

Basi fakulte zipokee barua ya zamani, na zikiwa na shaka zimpigie simu aliyeisaini. Dakika tano zinatosha. Maprefe waache kuomba dola kwa ajili ya saini. Mzazi alikwisha kulipa minervali. Nao wazazi waache kutafuta barua kwa kanali ao kwa mheshimiwa: hiyo inasema juu ya baba, haisemi kitu juu ya mtoto.

Vijana nao wana kazi yao. Barua iombwe kabla ya kuachana na mwalimu, na apewe pointi zako ili aandike anachokijua. Namba yake iandikwe kwenye barua. Picha ya barua itumwe kwa ndugu wawili walio miji tofauti, maana simu inaibiwa na nyumba inachomwa. Na hata mlango ukiwa mgumu namna gani, mtu asijiandikie barua kwa jina la mwalimu. Siku ikijulikana, watakaoteseka ni wakimbizi wote watakaofuata nyuma yake.

Vituo vya afya vya Masisi na Rutshuru vinahitaji madaktari. Watoto waliozaliwa huko ndio wanaosimamishwa leo mlangoni kwa sababu ya kashe.