PICHA SI HUKUMU
Tamko la vijana wa Kirolirwe juu ya habari za usalama na za haki

Bandugu vijana wa Goma, Sake, Kitshanga na wa kila muji wenye kusoma hii,

Tumechoka na habari za usalama zenye kuanza na komunike na kuishia kwenye picha. Munazijua zile picha. Wanaume kumi wameketi chini, bila viatu, mikono imefungwa. Mbele yao bunduki mbili na telefone kidogo. Mkubwa anasimama nyuma, anatoa maneno. Kichwa cha habari: «Wajambazi wakamatwa». Kisha? Hakuna. Walipelekwa wapi? Mbele ya tribinali gani? Nani alihukumiwa, nani aliachiliwa? Gazeti halirudi tena kwa ile habari. Kesho yake kuna wengine kumi.

Hii si kazi ya habari. Ni kuwa kipaza sauti cha mwenye bunduki.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 17: kila mwenye kushitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kifungu cha 18: aliyekamatwa aelezwe sababu, katika luga anayosikia, na polisi haiwezi kumushikilia zaidi ya saa 48 bila kumufikisha mbele ya wenye sheria. Mwandishi anayeandika «mwizi» siku ile ile ya kukamatwa ametoa hukumu bila juge, bila wakili, bila hata kumuuliza yule mtu jina lake.

Watu wanasema: ni wajambazi, wanatuua usiku, juu ya nini kuwahurumia? Hatuhurumii mujambazi. Sisi ndio tunaibiwa ngombe, sisi ndio tunavamiwa njiani kwenda Kitshanga. Juu ya ile tunataka kujua kama aliyekamatwa ndiye aliyefanya. Kama siye, mwenye kufanya angali anatembea, na gazeti limetuambia tulale salama.

Tazameni mwenendo. Mwaka 2024, wakati wa operesheni «Safisha muji wa Goma», washukiwa waliwekwa mbele ya kamera na wakubwa wa serikali. Januari 2025 M23 ikachukua Goma. Wakubwa wakabadilika, desturi ya picha ikabaki. Mei 2025, M23 iliweka wanaume 181 mbele ya waandishi wa habari, ikasema ni Wanyarwanda wenye kadi za uongo. Kadi zikachomwa moto. Ndugu zao walisema zile kadi ni za kweli, na wengi wao walikuwa watu wa Karenga, hii hii Kivu Kaskazini. Wakavukishwa mpaka wa Rwanda. Aliyeandika tu maneno ya mwenye kuwakamata aliandika nini? Aliandika kwamba jirani yetu si mwenye inchi hii, na hakumuuliza jirani.

Huku kwetu gazeti linafika ndani ya telefone, picha moja na mustari mmoja. Ukiongeza kabila ya mushukiwa kwenye ule mustari, umemaliza familia yake yote. Masisi tunajua vile inaanza: «wale watu», kisha jiwe, kisha tairi, kisha nyumba zinaungua. Kabila si habari ya kosa. Mwizi aliiba kwa mikono yake, hakuiba kwa mikono ya kabila lake.

Na tusidanganyane kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Tarehe 30 Agosti 2023, Goma, askari-jeshi waliua raia waliotaka kuandamana. Hesabu ya kwanza ya wakubwa ilikuwa ndogo sana. Video zikatoka, watu wakauliza, serikali ikakubali wafu 43. Tarehe 2 Oktoba tribinali ya kijeshi ikamuhukumu koloneli Mike Mikombe. Angalia sasa Walikale: watu zaidi ya 300 walibakwa mwaka 2010. Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2020. Miaka kumi! Habari yenye kuishia siku ya kwanza haiwezi kubeba kesi ya miaka kumi.

Na sisi Kirolirwe? Laurent Nkunda alikuwa na ngome yake hapa. Alikamatwa Rwanda Januari 2009, magazeti yakajaa. Paka leo hakuna tribinali iliyosikiliza kesi yake. Bosco Ntaganda alipata miaka 30 huko La Haye mwaka 2019, lakini ni juu ya makosa ya Ituri. Ya Masisi hayakuguswa. Nani angali anaandika ile?

Tunajua bei ya kuuliza. Mei 2021, Barthelemy Kubanabandu Changamuka, wa redio ya kijamii ya Kitshanga, aliuawa kwa risasi. Septemba 2024, Edmond Bahati wa Radio Maria aliuawa Goma. Hatuombi mtu akufe juu ya habari. Lakini kuandika «anashukiwa» pahali pa «mwizi» hakuhitaji ushujaa. Kufunika uso hakuhitaji ushujaa.

Kwa hiyo tunaomba, na tutarudia kuomba:

1. Hakuna sura wala jina la mushukiwa kabla ya tribinali, na hakuna kabila hata kidogo.
2. Kila komunike iandikwe na jina la aliyeitoa, na sauti ya upande wa pili. Kama haipatikani, semeni haikupatikana.
3. Kila gazeti na kila redio iwe na daftari ya kesi. Aliyetangazwa kukamatwa atafutwe baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Akiachiliwa, itangazwe kwa ukubwa ule ule.
4. Wafu wahesabiwe kwa majina yao, kama familia inakubali.
5. Wenye kushika muji, wawe nani, wafungue kashu na vikao vya kesi kwa waandishi, na waache kuwafunga.

Na wewe mwenye telefone: ukipokea ile picha ya watu wameketi chini, usiitume. Jibu aliyekutumia kwa swali moja: wamefikishwa kwa juge?

Sisi vijana wa Kirolirwe